Somo: Safari ya skii ya chuo, na namna ya kurudi nayo ukiwa na marafiki

Wakuu, salaam.

Msimu umefika tena. Vijana wetu wa Dodoma, Singida na Manyoni waliopata nafasi za kusoma nje wameshaanza kuzoea baridi, na swali linalojaa inboksi ni lile lile: chuo kimetangaza safari ya skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, niende au niachane nayo? Wengi wao barafu wanayoijua ni ile inayoganda kwenye friji la duka, kwa hiyo nawaelewa.

Jibu langu: nenda, ilimradi hukopi ili ulipe. Ila sikutumi ukawe bingwa wa kuteleza. Nakutuma kwa ajili ya watu. Muhula wa kwanza ugenini unapita hivi: darasani, maktaba, chumbani, simu ya nyumbani, kulala. Wenzako unawajua kwa sura tu. Safari hii inawaweka watu wasiojuana kwenye basi moja, jiko moja na foleni moja kwa siku kadhaa, na wengi wao wanatafuta mtu wa kuongea naye kama wewe.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Marafiki hawapatikani wakati unateleza. Pale ni wewe na miguu yako, hata kupumua unasahau. Wanapatikana mnaposubiri: basi, viatu, lifti ya kupandisha watu mlimani, wali uive. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kusubiri kuliko kwenye mteremko.

Hatua ya 1: Jua ni safari ya nani

Tangazo linaweza kuwa la aina mbili. Kuna safari za klabu ya skii ya chuo, ambako wengi wameteleza tangu wadogo. Wakifika tu wanapotelea juu mlimani na utawaona jioni. Halafu kuna safari za wanafunzi wa kigeni, mfano zinazoandaliwa na matawi ya Erasmus Student Network, mtandao uliopo tangu 1989 na wenye matawi vyuo vingi vya Ulaya. Huko utakuta Mbrazili, Mhindi na Mmeksiko ambao nao hawajawahi kukanyaga theluji. Kwa mara ya kwanza, chagua hii ya pili. Na ukiweza, chagua yenye kulala. Safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni inakupa picha, haikupi watu.

Uliza bei inabeba nini, kimoja kimoja: basi, kitanda, tiketi ya lifti, kukodi vifaa, mwalimu, bima. Bei ikionekana nafuu sana, mara nyingi tiketi ya lifti au vifaa vimeachwa nje, na hivyo ndivyo vinavyokula pesa.

Kwa mliopo Uingereza: viza yenu ya masomo haiwaingizi Ufaransa wala Austria. Mnahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, na maombi yake yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yasichelewe kuwasilishwa zaidi ya siku 15 kabla, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Usilipe safari ambayo hairudishi pesa kabla viza haijatoka. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen anapita hadi siku 90 ndani ya 180. Abebe pasipoti na kadi yake, asiache kimoja chumbani. Mliopo Uturuki mna raha yenu, milima iko ndani ya nchi: Uludağ karibu na Bursa, Erciyes kule Kayseri, Palandöken hapo Erzurum.

Bima isome. Nyingi zinalipia homa na mguu uliovunjika barabarani lakini hazilipii mchezo wa skii mpaka uongeze kipengele. Tafuta neno la skii kwenye karatasi yenyewe, usiridhike na mtu kukuambia "ipo tu".

Hatua ya 2: Nguo, na kwa nini uazime

Usinunue vipya. Waliobado Dodoma, pitieni mitumba ya Sabasaba kabla ya kuondoka. Makoti ya skii yamejaa pale, ila yanauzwa kama makoti ya bodaboda. Utalijua kwa kimfuko kidogo chenye zipu kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja. Waendesha boda wanatia humo chenji. Kazi yake hasa ni kuweka kadi ya lifti: unapita getini, mashine inaisoma kadi ikiwa humo humo mfukoni, huhitaji kuvua glavu. Mengine bado yananing'inia vipande vya tiketi za zamani kwenye zipu. Chukua lenye kofia na lisilopitisha maji, acha lile zito la sufu linalovutia macho.

Vilivyobaki, azima. Suruali ya theluji, miwani, glavu zisizopitisha maji: gonga milango ya bweni lenu ukaulize. Sisi tuna haya ya kuazima kwa watu tusiowajua, lakini mtu akikuazima suruali yake, ukirudi lazima akuulize ilikuwaje, na hapo mmeshaanza. Jinzi usivae, inanyonya maji na kuganda. Ndani vaa fulana na suruali za kubana, si za pamba. Soksi ni jozi moja ndefu ya sufu. Jozi mbili zinakunja ndani ya buti na kuleta malengelenge.

Na mafuta ya kuzuia jua, ndiyo, hata wewe mweusi tii. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza. Pua na midomo ndiyo inaumia kwanza.

Hatua ya 3: Ndani ya basi

Ukiwa na Mtanzania mwenzako kwenye safari, salimianeni vizuri, kisha mkae viti tofauti. Najua inauma. Lakini Watanzania wawili wakikaa pamoja wataongea Kiswahili mpaka mlimani, na hakuna atakayethubutu kuwaingilia.

Kaa katikati ya basi. Mbele kuna waandaaji wenye orodha zao, nyuma kuna kelele za waliokwisha kujuana. Beba kitu cha kupitisha mkono kwa mkono. Ubuyu ni mzuri mno kwa kazi hii, ule mwekundu wa sukari na pilipili kidogo, maana hakuna anayeula akabaki kimya. Ulimi unakuwa mwekundu, vidole vinakuwa vyekundu, mtu anauliza mbegu inatemwa wapi, wa nyuma naye anataka kuonja. Umeshafahamika na safu nne bila kujitambulisha. Beba na mfuko wa kutupia mbegu.

Kingine ni karata. Mnaijua lasti kadi. Wajerumani na Waaustria wana mchezo unaofanana nao sana wanaouita Mau-Mau: kwao saba inamlisha mwenzako karata mbili, nane inamrusha zamu, na jeki ndiyo inayochagua aina. Mtaani kwenu mna sheria zenu. Mkianza kucheza mtabishana sheria ya nani ifuatwe, na ubishi wa karata unaleta ukaribu haraka kuliko maswali ya "unasoma nini" na "umefika lini". Ukishindwa, shindwa kwa kelele.

Hatua ya 4: Jikoni

Hapa ndipo penyewe, na ndipo watu wanapopapuuza. Vituo vingi vya skii vya Ufaransa wanafunzi wanalala kwenye vyumba vyenye jiko dogo, watu wanne hadi sita, na chakula ni juu yenu. Jioni ya kwanza kila mtu amechoka na hakuna anayejua nani apike. Sema wewe: "Leo napika mimi." Usisubiri kuombwa.

Pika kitu cha sufuria moja. Pilau inafaa, viungo vya kusaga unabeba kifuko kidogo tu, mchele na vitunguu mnanunua bondeni kabla basi halijapanda, maana maduka ya juu ni ghali. Ila kuna jambo la mlimani ulijue. Val Thorens, kituo kilicho juu kuliko vyote Ulaya, kiko mita 2,300, na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Dodoma yenyewe tuko mita 1,100 na kitu, kwa hiyo tumezoea nusu ya tatizo. Wali utachukua muda kuliko kawaida na utataka maji zaidi kidogo. Maharage sahau kabisa.

Huo muda wa wali kukataa kuiva ndio mtaji wako. Mpe mmoja kitunguu akate, mwingine akwangue tangawizi, yule aliyekaa kitandani na simu mwambie aonje chumvi. Usipike peke yako halafu ukawakaribisha kama wageni, wape kazi. Mtu aliyekata kitunguu hadi machozi anaila pilau ile kama yake, na kesho yake atasema "tulipika". Kuanzia hapo zamu zinajipanga zenyewe: kesho Mtaliano, keshokutwa Mkorea. Na vyombo usikimbie.

Hatua ya 5: Mlimani

Sema wazi kwamba hujawahi. Sema dukani unapokodi vifaa, na uzito wako taja wa kweli, usijipunguzie wala usijiongezee. Kile kishikio kinachofunga buti kwenye ubao kinapimwa kwa uzito, urefu, umri na uwezo wako ili kiachie ukianguka. Ukijipunguzia, kinaachia ovyo; ukijiongezea, hakiachii, na goti ndilo linalolipa. Buti ikubane vidole viguse mbele ukisimama wima, virudi ukikunja magoti. Kutembea nazo kwenye ngazi ni kichekesho, kila mtu anakichekea, cheka nao.

Halafu jiunge na darasa la wanaoanza, hata kama kuna mwenzako mkarimu anayesema "njoo tu, nitakufundisha mwenyewe". Huyo atakupandisha juu, akuelekeze kwa dakika chache, apotee. Ulaya njia zina alama za rangi: kijani rahisi kabisa, bluu rahisi, nyekundu ngumu, nyeusi ya wenyewe. Siku za kwanza usivuke bluu. Darasani utafundishwa kukutanisha ncha za mbele na kupanua nyuma ili usimame, ile ambayo walimu wa watoto wanaiita pitsa. Utafundishwa pia kwamba aliye chini yako ndiye mwenye haki ya njia. Wewe unayetoka juu ndiye wa kumkwepa.

Darasa ndilo linalotoa marafiki wengi mlimani, kwa sababu nyote hamjui. Profesa mtarajiwa anaanguka, mtoto wa tajiri anaanguka, wewe unaanguka. Ukishamwinua mtu kutoka kwenye theluji na yeye akakuinua, jina lake hulisahau.

Kwenye lifti za viti mnakaa wanne au sita, mara nyingi na watu msiojuana, dakika kadhaa, miguu inaning'inia. Simu iache mfukoni, ikidondoka imekwenda. Hapo utaulizwa tu kama Afrika kuna theluji. Usikasirike wala usitoe hotuba. Waambie Kilimanjaro ni mita 5,895 na ina barafu, milima yao yote ya Alps haiufikii; kuna watu wanateleza Oukaïmeden kule Morocco na Afriski kule Lesotho. Sema huku unacheka, kisha uliza wewe. Tahadhari moja: utani wetu wa Mgogo na Mnyamwezi usiwape siku ya kwanza, hawatauelewa, wataona umewatukana. Jitanie mwenyewe kwanza.

Hatua ya 6: Mkirudi chuoni

Ndani ya wiki hiyo hiyo, watumie picha zao, si zako. Kisha mwalike mmoja au wawili kwa chai au chakula, kwa siku na saa maalumu. "Tutaonana" haimfikishi mtu popote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kondoa): Asalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, navaa hijabu. Nasikia safari hizi ni pombe usiku kucha. Naziwezaje?

Waalaykum salaam dada. Pombe ipo, sitakudanganya, lakini hakuna anayelazimishwa. Jioni nyingi wapo wasiokunywa, na wengine wamechoka mno. Ukiwa na karata na birika la chai ya tangawizi watakuja kwako. Wakati wa kujiandikisha omba kwa maandishi chumba cha wasichana watupu na uulize habari ya chakula halali. Wasipoeleweka, samaki, mayai na mboga vinatosha siku zile. Hijabu vaa ile nyepesi ya michezo isiyo na pini, ichomeke ndani ya koti, kofia ngumu ikae juu yake. Kofia ijaribu dukani ukiwa umevaa hijabu. Na angalia kalenda, maana miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu wa theluji. Kufunga na kuteleza kutwa ni kujitesa, chagua tarehe nyingine.

Swali (Nkuhungu): Mkuu, posho yenyewe inaisha kabla ya tarehe. Wenye hela ndogo tufanyeje?

Usikope, narudia. Uliza kama kuna nafasi ya asiyeteleza: basi na kitanda bila tiketi ya lifti wala vifaa. Bei inapungua sana, na mchana kuna kutembea kwenye theluji au kuteleza na vile vibao vya kukalia vya watoto. Jikoni, kwenye basi na kwenye karata uko sawa na wengine. Ikishindikana hata hiyo, kumbuka likizo ile wapo wenzako wengi wanaobaki bwenini kwa sababu hiyo hiyo. Pilau inapikika na huko.

Swali (Dodoma mjini, mzazi): Mwanangu yuko Erzurum. Ameomba ruhusa ya kwenda huo mlima. Sina amani. Si hatari?

Shikamoo mama. Hatari ipo kama ilivyo kwa mchezo wowote wa mwendo, ila sehemu kubwa anaweza kuikwepa. Mwambie mambo manne. Avae kofia ngumu. Asitoke nje ya njia zilizowekewa alama, hata wenzake wakimvuta, maana huko ndiko kwenye maporomoko ya theluji. Awe na bima inayotaja skii. Na namba ya dharura, 112, inafanya kazi Uturuki na karibu Ulaya yote, aihifadhi. Palandöken iko jirani kabisa na mji wa Erzurum, hajatupwa porini. Muulize na jina la kiongozi wa safari, ni haki yako.

Swali (Manyoni): Mimi ni mkimya kwa asili. Haya ya kupika na kupiga kelele siyawezi.

Basi shika kazi isiyohitaji maneno. Kuwa wa kwanza kuamka na kubandika maji ya chai. Kuwa mpiga picha wa darasa. Beba plasta za malengelenge na umpe anayechechemea. Watu wanamfuata mwenye kitu wanachokihitaji, na mazungumzo wataanzisha wao. Wakimya wengine watakuona pia, na mnaweza kukaa kimya pamoja bila shida.

Swali (Singida): Nikiwa mweusi peke yangu, tena naanguka kila hatua, si nitakuwa kituko?

Utaangaliwa, ndiyo. Wengi ni udadisi tu. Anayegusa nywele zako bila ruhusa mwambie hapana bila kucheka, na akizidi mpelekee kiongozi wa safari. Usimeze kwa kuona haya.

Kuhusu kuanguka, nikupe kisa cha jirani yetu. Mwaka 1998, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit aliingia mbio za skii za kilomita 10. Alifika wa mwisho, nyuma sana. Mshindi, Mnorwe Bjørn Dæhlie, alikuwa bado anamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Wakawa marafiki, na Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Swali (UDOM): Naondoka Januari. Kuna mazoezi ya kufanya hapa hapa kabla ya kwenda?

Yapo, tena ya bure. Mapaja ndiyo yanayochoka kuliko kitu chochote. Egemea ukuta ukiwa umekunja magoti kana kwamba umekaa kitini, hesabu mpaka yatetemeke, pumzika, rudia. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, asubuhi huu, jioni ule. Na nyie mna vilima vya chuo: acheni daladala siku mbili tatu kwa wiki, mpande kwa miguu na mshuke taratibu, maana kushuka ndiko kunakoyajenga magoti. Koti la Sabasaba nunua sasa, bei ikiwa bado chini. Inapanda Juni, baridi ikianza kuuma na wenye boda wakiamka.